Namna ya Kusoma Fasihi ya Misri ya Kale kwa Tafsiri: Anzia kwa Baharia, Si kwa Wafu

Wengi wanaotaka kusoma maandishi ya Misri ya kale huanza na Kitabu cha Wafu, kwa kuwa ndicho kinachosikika zaidi na tafsiri zake za zamani hupatikana bure mtandaoni. Wakifika ukurasa wa kumi na tano wamechoka. Majina ya miungu yanafuatana kama orodha ya mahudhurio, hakuna kisa, hakuna mtu wa kumfuata. Kosa si la msomaji. Maneno yale hayakuandikwa ili mtu aliye hai ayasome kivulini. Yaliandikwa ili yamfae marehemu njiani, na kila nakala ilikuwa na mchanganyiko wake wa sura. Fasihi yenyewe, yaani hadithi, nyimbo za mapenzi na wosia wa baba kwa mwana, iko kwingine, na kazi zake nyingi nzuri ni fupi, humalizika kwa kikao kimoja.

Utaratibu ulio hapa chini unamfaa mtu asiyejua hata alama moja ya hieroglifi. Unahitaji tafsiri mbili za kila kazi, daftari la kawaida, penseli, na kama miezi miwili ya kusoma bila haraka. Msingi wake ni mmoja: usisome tafsiri kana kwamba ndiyo maandishi yenyewe. Kati yako na mtunzi kuna mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, yaliyotoboka, karani aliyenakili kwa mkono, na mfasiri aliyelazimika kuchagua neno moja na kuacha mengine. Ukiweza kutambua kila mmoja wao amefanya nini, kurasa zilizoonekana ngumu hufunguka.

Pata tafsiri mbili, na utazame mwaka

Kwa Kiingereza, ya kuanzia ni ya Miriam Lichtheim, *Ancient Egyptian Literature*, juzuu tatu za 1973, 1976 na 1980. Juzuu zinafuata vipindi vya historia ya Misri: ya kwanza ina Ufalme wa Kale na Ufalme wa Kati, ya pili Ufalme Mpya, ya tatu nyakati za mwisho. Kama mfuko unaruhusu moja tu, chukua ya kwanza. Ya kuweka pembeni yake ni ya Richard Parkinson ya 1997, yenye kazi za Ufalme wa Kati peke yake, au mkusanyo uliohaririwa na William Kelly Simpson, toleo la tatu la 2003. Wanaosoma Kifaransa, kama walivyo wengi Bujumbura na Bukavu, wana hadithi zilizofasiriwa na Gustave Lefebvre mwaka 1949. Anayejua Kijerumani ana hazina ya mtandaoni iitwayo Thesaurus Linguae Aegyptiae, inayotoa maandishi neno kwa neno pamoja na tafsiri, bila malipo.

Mwaka una uzito wake. Mtaalamu Mfaransa Champollion alifumbua hieroglifi mwaka 1822, lakini sarufi ilichukua miaka mia nyingine kukaa sawa; sarufi ya Alan Gardiner, iliyolea vizazi vya wafasiri, ilitoka 1927. Tafsiri za mwisho wa karne ya 19, zile za E. A. Wallis Budge zikiwemo, ndizo zilizojaa kwenye tovuti za bure kwa kuwa haki zake zimekwisha, na ndizo zenye makosa mengi yaliyokwisha kusahihishwa. Mfano mdogo: mnyang'anyi wa kisa cha mshamba mwenye ufasaha, ambaye leo anaitwa Nemtynakht, katika tafsiri kongwe ana jina linaloanza na Thut au Djehuti, kwa sababu alama ya mungu iliyo ndani ya jina lake ilisomwa vingine. Tafsiri kongwe si haramu. Itumie kama ya tatu, ya kulinganisha, wala usiifanye msingi.

Kuna kipimo cha haraka cha tafsiri yoyote usiyoijua. Fungua ukurasa wa katikati. Je, kuna namba za mistari? Je, mfasiri amesema ametumia mafunjo yapi? Je, ameonyesha palipoharibika? Kama vyote havipo, ulichoshika ni masimulizi mapya, hata kama jalada linasema tafsiri. Madhara yake huonekana kwenye kisa cha mwana wa mfalme aliyetabiriwa kufa kwa mamba, nyoka au mbwa. Mafunjo yanayokibeba, Harris 500 yaliyoko London, yamekatika kabla ya mwisho. Wasimulizi wengi wamekimalizia wenyewe. Kwa hiyo, ukisoma namna kijana alivyookoka au alivyokufa, jua unasoma mawazo ya mtu wa juzi.

Jifunze mabano kabla ya hadithi

Hapa ndipo wasomaji wengi hujidanganya bila kujua, maana jicho lililozoea riwaya huruka alama. Zilizo za kawaida ni hizi:

- Mabano ya mraba [ ]: mafunjo yameharibika, na kilichomo ndani ni kisio la mfasiri, wakati mwingine akisaidiwa na nakala nyingine.
- Mabano ya duara ( ): neno halimo katika Kimisri, limeongezwa ili sentensi ieleweke.
- Mabano ya pembe < >: karani aliruka neno, mfasiri amelirudisha.
- Nukta tatu au nafasi tupu: hakuna kinachosomeka.
- Herufi za mlalo au alama ya kuuliza: alama zinasomeka, ila maana yake haijakubaliwa.

Kila mfasiri ana mazoea yake, kwa hiyo soma ukurasa wa utangulizi unaoeleza alama zake kabla ya kitu kingine chochote. Kisha jiwekee sharti: usijenge hoja, wala usinukuu kwa rafiki, juu ya neno lililo ndani ya mabano ya mraba.

Namba za mistari nazo ni chombo cha kazi. Hadithi ya Sinuhe, Mmisri aliyekimbilia ugenini, kwa mfano, haikutufikia kwa nakala moja. Mafunjo ya Berlin namba 3022, yanayoitwa B, yana mistari 311 lakini yamepoteza mwanzo. Mwanzo unatoka kwenye mafunjo mengine, Berlin 10499, yanayoitwa R. Ndiyo maana katika tafsiri unaanza na R 1, R 2, halafu ghafla unakutana na B 1. Hujaruka kurasa, umehama mafunjo. Faida yake ni kwamba kurasa za Lichtheim na Parkinson hazilingani, lakini namba za mistari zinalingana. Ukitaka kulinganisha sifa za nchi ya Iaa, penye tini na zabibu na divai kuliko maji, tafuta B 81 katika zote mbili.

Kazi ya kwanza: baharia na nyoka

Anza na kisa cha baharia aliyevunjikiwa na merikebu. Kina mistari 189, kimesalia kikiwa karibu kizima, kipo katika nakala moja tu, na husomwa kwa dakika ishirini. Kisome mara mbili siku moja: mara ya kwanza bila kusimama, mara ya pili ukiwa na penseli.

Katika usomaji wa pili, jambo la kwanza ni kuchora nani anamwambia nani. Msafara umerudi nyumbani salama, lakini kiongozi wake ana huzuni, anaogopa kusimama mbele ya mfalme. Mhudumu wake anamtuliza kwa kumsimulia yaliyompata yeye zamani: chombo chake kilizama, akatupwa kisiwani, akakutana na nyoka. Ndani ya masimulizi hayo nyoka naye anasimulia msiba wake: walikuwa nyoka 75, watoto na ndugu, nyota ikaanguka na wote wakaungua, akabaki peke yake. Ni hadithi ndani ya hadithi ndani ya hadithi. Aliyekulia kwenye masimulizi ya Alfu Lela Ulela atalitambua umbo hili mara moja. Lakini alama za kunukuu katika tafsiri huchanganya sana, kwa kuwa zinarundikana tatu kwa pamoja. Kwa hiyo andika pembeni M (mhudumu), B (baharia, ambaye ni mhudumu huyohuyo enzi zile) na N (nyoka) kila msemaji anapobadilika.

Jambo la pili ni vipimo. Chombo kina urefu wa dhiraa 120 na upana wa dhiraa 40, na mabaharia 120. Wimbi lililokipiga ni la dhiraa 8. Nyoka ana dhiraa 30, na ndevu zake zinapita dhiraa 2. Dhiraa ya kifalme ya Misri ilikuwa na sentimita 52 na kidogo, ndefu kuliko dhiraa tunayoipima kwa kiwiko na ncha ya kidole. Piga hesabu mwenyewe: merikebu ni kama mita 63, wimbi ni zaidi ya mita 4, nyoka anakaribia mita 16. Bila hesabu hiyo nyoka anabaki neno tu. Ukiipiga, unaelewa kwa nini baharia alianguka kifudifudi.

Jambo la tatu ni zawadi. Baharia anaahidi kumletea nyoka ubani na manukato kutoka Misri, na nyoka anacheka, kwa kuwa yeye ni mtawala wa Punt, na vitu hivyo ni vyake. Halafu ndiye anayempa baharia manemane, mafuta, mikia ya twiga, mapande makubwa ya ubani, pembe za ndovu, mbwa wa kuwinda, tumbili na nyani. Hii ni shehena ya biashara ya kweli. Watafiti wengi huiweka Punt upande wa kusini wa Bahari ya Shamu: mashariki ya Sudan, Eritrea, Ethiopia, Somalia. Wako wanaoivuta hadi pwani yetu ya Waswahili, lakini maandishi hayasemi hivyo, na hakuna haja ya kuyalazimisha. Inatosha kwamba ubani na pembe vilikuwa vikipanda kaskazini kwa bahari miaka elfu nne iliyopita.

Jambo la nne ni mwisho, na hapo ndipo tafsiri mbili zinapoanza kulipa. Kiongozi wa msafara hafarijiki. Anajibu kwa methali, ambayo kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Nani humpa ndege maji alfajiri, naye atachinjwa asubuhi?" Wafasiri wanatofautiana juu ya maneno yaliyotangulia methali: mmoja anamfanya kiongozi asikike mkali, mwingine mchovu tu. Soma zote mbili kwa sauti. Kisha ujiulize kama kisa kizima ni cha kufariji au ni cha kuonyesha kwamba faraja ina mipaka. Wasomi hawajaafikiana, na nafasi yako ya kuamua ni halali.

Chini kabisa utakuta mstari unaosema kazi imefika kutoka mwanzo hadi mwisho kama ilivyokutwa katika maandishi, kwa mkono wa karani mwenye vidole hodari, anayetajwa kwa jina. Huyo ndiye mnakili. Mtunzi hatumjui. Kosa la kumwita karani mtunzi limeenea sana.

Maneno ya kuyatilia shaka

Tenga kurasa nne za daftari kwa maneno yanayorudi. Kwa msomaji wa Kiswahili baadhi yake ni mtego, na mengine, ajabu, yanakuwa mepesi kuliko kwa Mzungu aliyeyafasiri.

Moyo ni wa kwanza. Mmisri aliwaza, alikumbuka na aliamua kwa moyo. Wafasiri wa Kiingereza mara nyingi hubadili moyo kuwa neno lao la akili, kwa sababu katika lugha yao moyo umebaki na mapenzi tu. Sisi bado tunasema moyo umenituma, sina moyo huo, haikuwa moyoni mwangu. Sinuhe anapojitetea kwa mfalme kwamba kukimbia kwake hakukupangwa, maneno yake ni kwamba haikuwamo moyoni mwake. Kila ukikutana na akili au fikra katika tafsiri, jaribu kuweka moyo uone kama sentensi haijakaa vizuri zaidi.

Maat ni ya pili, na ndiyo nzito. Ni ukweli, ni haki, ni mambo kukaa mahali pake, na pia ni mungu wa kike mwenye unyoya kichwani. Mfasiri hulazimika kuandika ukweli hapa na haki pale, kwa hiyo unasoma maneno mawili au matatu usijue kwamba asili yake ni moja. Mshamba mwenye ufasaha anapomwambia hakimu wake "sema maat, tenda maat", kishindo chote kiko kwenye neno kurudiwa. Kiswahili kina bahati ya kuwa na haki, ambayo hubeba sehemu kubwa ya uzito huo, lakini hata hivyo andika maat pembeni kwa penseli.

Ba na ka usizigeuze roho. Roho kwetu imeshajaa mafundisho ya msikiti na kanisa. Ba huchorwa kama ndege mwenye kichwa cha mtu; huweza kutoka, kurudi, hata kubishana na mwenyewe. Ka ni nguvu ya uhai inayolishwa kwa sadaka. Ziache kama zilivyo.

Mungu, katika mafundisho ya wazee, mara nyingi hutajwa kwa umoja. Mfasiri anayeandika kwa herufi kubwa anakufanya udhani ni Mungu mmoja wa dini zetu. Neno lenyewe, netjer, halina herufi kubwa wala ndogo. Laweza kuwa mungu yeyote anayehusika. Na Firauni mwache nje kabisa unaposoma hadithi za Ufalme wa Kati. Neno hilo lilikuja kutumika kama cheo cha mfalme baadaye, katika Ufalme Mpya. Kabla ya hapo lilimaanisha nyumba kuu, yaani ikulu. Ukimwingiza Firauni wa Musa katika kisa cha Sinuhe, huwezi kuelewa kwa nini mtu anamlilia mfalme kama mtoto anavyomlilia baba.

Mengine ni ya mazoea tu. Magharibi ni upande wa wafu. Mfalme akiruka mbinguni, amekufa. Baada ya jina la mfalme utaona kifungu cha uhai, ustawi na afya, mara nyingi kwa kifupi. Ni dua, isome na upite. Majina nayo hayana irabu za hakika, kwa kuwa maandishi ya Kimisri hayakuandika irabu, ndiyo maana Senusret, Senwosret na Sesostris ni mtu mmoja. Tena mfalme mmoja ana majina kadhaa: Sehetepibre wa mwanzo wa Sinuhe ndiye Amenemhat wa Kwanza. Andika majina ya namna hiyo katika safu mbili tangu ukurasa wa kwanza, la sivyo utahesabu wafalme wanne mahali walipo wawili.

Soma kwa jozi, kwa sauti

Msomaji aliyelelewa na vina na mizani atatafuta vina asivipate, aseme hili si shairi. Ushairi wa Kimisri unategemea jozi: mstari wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia kwa sura nyingine, au unalikamilisha, au unalipinga. Nakala za Ufalme wa Kati hazikugawanya mistari ya ushairi, hivyo mgawanyo unaouona ni uamuzi wa mfasiri. Lichtheim ameipanga Sinuhe kwa sehemu kubwa kama nathari. Parkinson ameipanga yote kama shairi. Ukizisoma bega kwa bega utadhani ni kazi mbili.

Zoezi zuri ni lile shairi la mauti katika mazungumzo ya mtu na ba yake, mafunjo ya Berlin 3024. Kila ubeti unaanza kwa maneno yaleyale, halafu jozi ya mifano:

Mauti yako mbele yangu leo
kama harufu ya manemane,
kama kuketi chini ya tanga siku ya upepo.

Angalia tafsiri zako kwenye neno tanga. Baadhi ya wafasiri huandika tanga la chombo, wengine kitambaa cha kivuli, kwa kuwa neno la Kimisri linaruhusu yote mawili. Chini ya tanga uko safarini. Chini ya kivuli umepumzika. Mauti yanageuka kitu kingine kwa neno moja, na mtu aliyewahi kukaa jahazini upepo ukijaa anaweza kuwa na maoni yenye nguvu kuliko mhariri. Mazungumzo haya yamepoteza mwanzo wake, kwa hiyo usishangae yakianza katikati ya maneno.

Utaratibu wa kuendelea

Juma la pili na la tatu, soma mshamba mwenye ufasaha. Khunanup anatoka Wadi Natrun na punda wake wamebeba bidhaa. Nemtynakht anatandika nguo kwenye njia nyembamba, upande mmoja maji, upande mwingine shayiri. Punda anauma shayiri kinywa kimoja, na punda wote wanachukuliwa. Mwenye mali anamshtakia Rensi, msimamizi mkuu, mara tisa, kwa sababu mfalme ameamuru ajibiwe kwa kimya ili aendelee kusema na maneno yake yaandikwe. Wafasiri humwita mkulima, neno lisilomfaa vizuri mtu anayesafiri na bidhaa kutoka ukingo wa jangwa. Mshamba ni bora, pamoja na dharau yake yote, maana mshangao wa kisa ni kwamba mtu wa namna hiyo anazungumza kuliko wakubwa. Hotuba tisa mfululizo huchosha, na hapa ndipo wengi huacha. Soma kwanza masimulizi ya mwanzo, kisha hotuba ya kwanza, ya tatu (baada yake anapigwa), ya nane yenye maat, na ya tisa anapoondoka akisema atakwenda kumshtakia Anubi, mungu wa wafu. Maliza kwa hukumu. Kisha rudi usome zote tisa, moja kwa siku.

Juma la nne na la tano ni la Sinuhe. Mpe muda; hakuna kazi ya Kimisri iliyo tajiri kuliko hii. Anasikia habari ya kifo cha mfalme, anakimbia bila kujua kwa nini, anazeeka ugenini akiwa na mali na watoto, na kinachomrudisha ni barua ya mfalme inayomwahidi maziko: jeneza la dhahabu, ng'ombe wa kulivuta, waimbaji mbele, wala hatazikwa na wageni katika ngozi ya kondoo. Wafasiri wengine huandika maelezo marefu kuwafafanulia wasomaji wao kwa nini kuzikwa kwenu ni jambo kubwa hivyo. Msomaji wa huku anaweza kuyaruka.

Juma la sita, mafundisho. Aliyesoma utenzi wa Mwana Kupona wa 1858 anaijua namna hii tayari: mkubwa anayehisi mwisho wake anamwachia mtoto maneno. Ptahhotep anaanza kwa kulalamikia uzee, macho hafifu, masikio mazito, moyo usiokumbuka jana, kisha anatoa mafundisho 37. Usiyasome kwa mfululizo. Matano kwa siku yanatosha. Halafu chukua Amenemope, mwenye sura 30, na Biblia pembeni, Mithali 22:17 kuendelea hadi 23:11. Linganisha sura ya 6 na Mithali 22:28 juu ya alama za mipaka, sura ya 9 na Mithali 22:24 juu ya mtu wa hasira, na sura ya 7 na Mithali 23:5 juu ya mali yenye mabawa. Katika Mithali mali inaruka kama tai. Kwa Amenemope inaruka kama bata bukini, ndege wa kwao bondeni. Baadhi ya tafsiri za Mithali 22:20 hutaja misemo thelathini, na ufanano na sura 30 za Amenemope umeathiri namna wafasiri wanavyousoma mstari huo.

Kejeli za Khety, baba mwingine anayemuusia mwanawe, juu ya kazi za mikono, zile za mfua vyuma mwenye vidole kama ngozi ya mamba na dobi anayefua jirani na mamba, zinachekesha, lakini zimetufikia hasa kwa nakala za wanafunzi walioandika wasichokielewa. Ukikwama kwenye sentensi isiyo na maana, tazama tafsiri ya pili. Kama nayo haina, endelea mbele.

Mwisho weka nyimbo za mapenzi, kwenye mafunjo ya Chester Beatty I na Harris 500. Kumbuka kwamba dada na kaka humo ni wapenzi, si ndugu wa damu. Na kuna jambo ambalo tafsiri haiwezi kuonyesha: katika mfululizo wa nyimbo saba za Chester Beatty, kila ubeti unaanza na kuishia kwa neno linalolingana kwa sauti na namba yake. Mmisri aliuita ubeti kwa neno lenye maana ya nyumba. Nasi beti tumeipata kwa Waarabu, ambako bait nayo ni nyumba. Ubeti wa saba unafunguka hivi: siku saba hadi jana sijamwona dada, na ugonjwa umeniingia.

Jaribu kufasiri ubeti mmoja

Ukifika hapo, chukua ubeti huo wa saba. Weka tafsiri mbili mbele yako, piga mstari chini ya kila mahali zinapotofautiana, na uandike wa kwako wa Kiswahili kwa kufuata jozi, bila kulazimisha vina. Palipo na mabano ya mraba, acha mabano. Chini yake andika jina la mafunjo, namba za mistari, na majina ya wafasiri wawili uliowatumia, ili atakayeusoma ajue umeutoa kwenye tafsiri zao na si kwenye mafunjo.